Sekunde nane za SQ321: taa ya mkanda iliwaka, ila muda wa kukaa haukuwepo

Mei 2024 zile picha zilizunguka kila kona, kwenye magrupu ya WhatsApp, Facebook, taarifa ya habari, ndani ya ndege maski za oksijeni zinaning'inia, vipande vya dari vimechomoka, jiko la wahudumu limejaa vyombo na chakula sakafuni, na maneno yaliyokuja na hizo picha yalikuwa kwamba ndege ya Singapore Airlines imedondoka futi 6,000 ndani ya dakika chache. Hilo la futi 6,000 watu wanalirudia mpaka leo na siyo kweli, na naanza nalo makusudi kwa sababu ukishaliamini hutaelewa kamwe watu waliumiaje, utabaki unadhani shida ilikuwa ndege kuanguka, wakati shida ilikuwa watu ambao hawajafungwa kwenye siti, na wengine kati yao hawakufungwa kwa sababu kazi waliyoajiriwa kufanya inafanywa kwa kusimama.

Twende kwenye kisa chenyewe.

Safari ni SQ321, London Heathrow kwenda Singapore, iliruka usiku wa tarehe 20 Mei 2024, ndege aina ya Boeing 777-300ER, abiria 211 na wafanyakazi 18 ukijumlisha marubani na wahudumu. Wameshakaa angani kama masaa kumi hivi, wako juu ya kusini mwa Myanmar, futi 37,000, na ndani ya ndege ni muda wa chakula cha asubuhi, japo huko chini kwa saa za Myanmar ilikuwa shafika saa nane na dakika 19 mchana. Huo muda una mambo mawili ndani yake. Kwanza mchana wa Mei kule ndo wakati mawingu ya mvua yanaumuka. Pili wakati wa chakula ndo wakati wahudumu wako kwenye korido na jikoni na matoroli, na abiria nao wameamka, mikanda wamefungua, huyu anaenda chooni huyu ananyoosha miguu, yaani ndege ikiwa na watu wengi zaidi wasiofungwa kuliko saa nyingine yoyote ya safari ndefu, ndo saa hiyo.

Ofisi ya uchunguzi wa ajali za usafiri ya Singapore, TSIB, ilitoa matokeo ya awali tarehe 29 Mei, yaani siku nane tu baada ya tukio, na kwa kweli nawapongeza, maana ripoti nyingi za namna hii unasubiri mpaka unasahau. Walisoma data za vile visanduku vyeusi, cha kurekodi mwenendo wa ndege na cha kurekodi sauti za marubani, wakapanga tukio sekunde kwa sekunde. Saa nitaziweka za UTC, ile saa ya kimataifa inayotumika kwenye usafiri wa anga, kama walivyoziweka wao.

07:49:21 ndege inaanza kutikisika. Wataalamu wanapima kwa G, ambapo 1 ni uzito wako wa kawaida hapo ulipokaa, na kwa sekunde kama 19 hiyo G inacheza kati ya 0.44 na 1.57, yaani mwili unakuwa mwepesi, unakuwa mzito, mwepesi, mzito. Wakati huo huo ndege inapanda bila mtu kuiamuru, inaelekea ilisukumwa na hewa iliyokuwa inapanda kutoka chini, inafika futi 37,362. Otopailoti, ule mtambo unaoirusha ndege wenyewe, imeambiwa ikae 37,000, kwa hiyo inainamisha pua ili irudi. Spidi nayo inapanda yenyewe, marubani wanainua breki za hewa, zile bapa zilizopo juu ya mabawa, ili kuizuia. Wako kwenye hiyo shughuli, 07:49:32 anasikika rubani akitamka kwamba taa ya mkanda imewashwa.

07:49:40, ndani ya sekunde 0.6, G inatoka 1.35 inaenda hasi 1.5. Halafu kuanzia 07:49:41 inarudi kutoka hasi 1.5 hadi chanya 1.5 ndani ya sekunde 4. Jumla sekunde 4.6. Ndani ya hizo ndege ilishuka futi 178, kama mita 54, kutoka 37,362 hadi 37,184. Ndo basi, hakuna futi 6,000. Marubani wakaingiza mikono yao kwenye usukani, otopailoti ikatoka, wakairusha wenyewe kwa sekunde 21, wakairudisha otopailoti 07:50:05, na ilipofika 07:50:23 ndege ilikuwa imetulia tena kwenye futi 37,000 kama hakijatokea kitu. Kutoka mtikisiko wa kwanza mpaka hapo ni sekunde 62.

Zile futi 6,000 ni za dakika 17 baadaye. Wahudumu walishawapa marubani taarifa kwamba huko nyuma kuna majeruhi, uamuzi wa kwenda Bangkok ukafanyika, wakaomba madaktari wawasubiri chini, halafu 08:06:51 wakaanza kushuka kwa kawaida kabisa hadi futi 31,000, imewachukua dakika tatu na kidogo. Watu waliokuwa wanaangalia programu za kufuatilia ndege kwenye simu wakaona ule mstari unashuka, wakaunganisha na picha za maski zinazoning'inia, habari ikawa imeshaondoka. Ndege ilitua uwanja wa Suvarnabhumi 08:45:12, saa tisa na dakika 45 mchana kwa saa za pale Bangkok.

Sasa hiyo hasi 1.5 ina maana gani mwilini, kwa sababu namba peke yake haimwambii mtu kitu. Ukifika sifuri unaelea, mkono haujui juu wapi chini wapi. Ukishuka chini ya sifuri sakafu ya ndege inakukimbia kwa kasi kubwa kuliko mwili wako unavyoweza kudondoka, kwa hiyo kwa macho ya aliye ndani ni kama dari ndo imekuwa sakafu. Kwa hasi 1.5 mtu wa kilo 70 anavutwa kuelekea darini kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 105. Siyo kuruka kidogo kwenye siti, ni kurushwa kichwa kikitangulia kwenye kabati la mizigo, na abiria waliohojiwa baada ya kushuka walieleza hivyo hivyo, watu wamegonga makabati mpaka yakabonyea, wengine wamepasua zile sehemu za taa na maski. Na kila kitu kisichofungwa kinafanya hivyo hivyo, simu, laptopu, birika la kahawa, toroli. Halafu zinakuja zile sekunde 4 ambapo uzito unarudi, na haurudi kwenye 1 tu, unapitiliza hadi 1.5, kwa hiyo aliyeko juu anashuka na uzito wa mtu na nusu, na anashukia kitu chochote kilichopo chini yake, mkono wa siti, ukingo wa toroli, abiria mwenzake.

Ndo maana majeraha yalikuwa ya namna ile. Mzee mmoja Muingereza wa miaka 73 alifariki, ilidhaniwa ni mshtuko wa moyo. Hospitali ya Samitivej Srinakarin pale Bangkok ilipokea na kuhudumia watu zaidi ya mia moja, na tarehe 23 Mei mkurugenzi wake akasema 22 wana majeraha ya uti wa mgongo, 6 ya fuvu na ubongo, 13 ya mifupa na misuli, na watu 20 walikuwa chumba cha wagonjwa mahututi. Walikuwa wa umri kuanzia miaka 2 hadi 83. Uti wa mgongo, jamani, kwa ndege ambayo haikugonga kitu wala haikukatika bawa, iliruka vizuri na kutua vizuri na magurudumu yake yote.

Sasa hapa ndo penye jambo langu. Chukua 07:49:40, toa 07:49:32. Unapata sekunde nane. Kutoka rubani anatamka taa ya mkanda imewaka mpaka watu wanarushwa darini, sekunde nane.

Abiria aliyekaa sekunde nane zinamtosha kama mkanda uko kiunoni au ameukalia, anaushika, klik, amepona. Abiria aliyeko chooni hazimtoshi. Na mhudumu?

Mfikirie mhudumu wa nyuma kabisa, jiko la mkiani, saa ya chakula. Oveni iko wazi au imefunguliwa nusu, trei za moto ziko ndani. Toroli liko mbele yake, likijaa linaweza kukaribia kilo mia, na lina breki za kukanyaga kwa mguu, nyekundu ya kufunga na kijani ya kuachia. Ana birika la maji ya moto mkononi au juu ya kaunta. Mafunzo yanasema mtikisiko ukija funga breki za toroli, birika liweke sakafuni au kwenye sinki, funga milango ya oveni na makabati, halafu kaa kwenye siti yako ya kukunja, vaa mikanda ya mabegani na ya kiunoni, yote. Jaribu kuhesabu moja mpaka nane ukiwa unafanya hivyo kwa mikono miwili huku sakafu inacheza. Na kama yuko katikati ya korido na toroli ndo balaa zaidi, kwa sababu hawezi kulikimbia, akiliacha linageuka kombora kwenye vichwa vya abiria, kwa hiyo mhudumu mzuri, yule anayejali, ndo anayebaki amelishikilia.

Mwongozo wa mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, unakubali hilo wazi wazi. Unasema mtikisiko mkali ukija ghafla mhudumu asihangaike kurudi kwenye kituo chake, akae siti yoyote iliyo karibu hata kama ni ya abiria, na kama hakuna akae chini sakafuni ajishikize. Yaani hata walioandika sheria wanajua muda hautoshi. Mwongozo mzuri, ila ni mwongozo wa kupunguza madhara baada ya kushachelewa.

Na takwimu zinaonyesha hivyo hivyo. Kwa mashirika ya Marekani kuanzia 2009 hadi 2022, FAA ilihesabu watu 163 walioumia vibaya kwa misukosuko ya hewa, na kati yao 129 ni wafanyakazi wa ndege, abiria ni 34. Soma tena taratibu. Ndani ya ndege moja abiria ni mia na ushee na wahudumu wanne watano, lakini wahudumu ndo karibu wanne katika kila watano walioumia vibaya. Na kuumia vibaya kwa vigezo vyao siyo kuchubuka goti, ni mfupa kuvunjika, au kulazwa zaidi ya masaa 48, mambo ya namna hiyo. Vifundo vya miguu vinavunjika sana, kwa sababu mtu anarushwa halafu anashuka na miguu ikiwa imepinda. Migongo. Kuungua. Bodi ya usalama wa usafiri ya huko huko, NTSB, kwenye utafiti wake wa 2021 ilikuta zaidi ya theluthi ya ajali zote za mashirika makubwa ya abiria kati ya 2009 na 2018 ni za misukosuko, nyingi zimevunja mtu na hazijaharibu ndege hata kidogo. Mkiani hali ni mbaya zaidi maana sehemu ya nyuma inapanda na kushuka zaidi kuliko katikati kwenye mabawa, na huko nyuma ndo kuna jiko, na jikoni ndo kuna wahudumu.

Mimi hii naiita ajali ya kazini. Fundi akianguka kwenye jukwaa la ujenzi tunauliza kamba iko wapi, bosi alikuwa wapi. Mhudumu akivunjika mgongo angani tunasema ni hali ya hewa.

Hali ya hewa yenyewe pale ilikuwaje? TSIB ilisema inaelekea ndege ilikuwa inapita juu ya eneo ambalo mawingu ya mvua yalikuwa yanajengeka. Neno la muhimu ni juu na yanajengeka. Ardhi na bahari vikipata joto hewa yenye unyevu inapanda, kama maji yanavyochemka sufuriani pale povu linapotokea chini na kupasuka juu bila kukwambia litatokea wapi, na wingu la radi likianza kukua linaweza kupanda maelfu ya futi ndani ya dakika chache tu. Rada ya hali ya hewa iliyoko kwenye pua ya ndege inaona vizuri matone ya maji. Chembe za barafu zilizoko kwenye kilele cha wingu inaziona kwa shida, na hewa tupu inayosukumwa mbele ya kilele hicho haioni kabisa. Kwa hiyo marubani wanafundishwa kupita mbali na wingu la radi kali, maili 20 za baharini pembeni yake au zaidi, na wanafundishwa pia wasiamini kupita juu yake kwa kukaribiana, ila wingu ambalo dakika tano zilizopita halikuwepo hapo huwezi kulikwepa kwa maili 20. Sisemi marubani wa SQ321 walikosea au hawakukosea, uchunguzi wenyewe kazi yake siyo kutafuta wa kulaumiwa na siwezi kukaa hapa na simu nikawahukumu. Nasema tu kwamba kwa aina hii ya mtikisiko onyo likija linakuja kuchelewa, na mfumo unaotegemea taa peke yake utaendelea kuvunja watu.

Watu wengi baada ya kisa hiki walikimbilia kusema ni mabadiliko ya tabianchi. Hapo pole pole. Kuna utafiti mzuri wa chuo kikuu cha Reading, Uingereza, wa 2023, ulioonyesha misukosuko mikali ya hewa safi, ile isiyo na wingu, juu ya Atlantiki ya kaskazini iliongezeka kwa asilimia 55 kati ya 1979 na 2020. Ni jambo zito na la kufuatiliwa. Ila ile ni misukosuko inayotokana na pepo kali za juu kule kaskazini, na SQ321 kwa matokeo ya awali ilikuwa ni mawingu ya ukanda wa joto, kitu kingine. Na ukanda wa joto ndo kwetu. Anayeruka Mwanza, Entebbe au Kisumu anajua Ziwa Victoria lilivyo, radi usiku kucha, na ndege zinazotoka Nairobi na Dar kwenda Ulaya na Ghuba kuna majira zinakata ule mkanda wa mawingu ya ikweta unaohama na majira, masika unakuwa hapa baadaye unapanda kaskazini. Hakuna haja ya kungoja tabianchi ibadilike ndo tujali, mawingu ya kutosha kurusha mtu darini yapo tayari.

Kitu kilichonipa moyo ni walichofanya Singapore Airlines siku chache tu baadaye. Kabla ya hapo taa ya mkanda ikiwaka walikuwa wanasimamisha vinywaji vya moto tu, chakula kinaweza kuendelea. Baada ya SQ321 wakabadilisha, taa ikiwaka chakula nacho kinasimama, na wahudumu nao wanarudi kukaa na kufunga mikanda. Kwa abiria hiyo ni usumbufu mdogo wa kusubiri chai. Kwa mhudumu ni tofauti kati ya kuwa amekaa na kuwa amesimama pale sekunde ya nane inapofika. Tena tofauti kubwa zaidi ni kwenye mtikisiko unaokua taratibu, ambao taa inawaka dakika tano au kumi kabla ya pigo lenyewe, huko ndo utaratibu huu unaokoa migongo kweli kweli, maana zamani hizo dakika kumi mhudumu angeziishi amesimama na toroli.

Korean Air nao kuanzia Agosti 15, 2024 waliacha kugawa zile tambi za kikombe za maji ya moto kwa daraja la kawaida kwenye safari ndefu, na sababu waliyotoa ni kuungua wakati wa misukosuko. Abiria walilalamika kweli, maana wanazipenda. Lakini hebu piga picha mhudumu anapita kwenye korido nyembamba na vikombe kadhaa vya maji yanayotoka kuchemka, abiria wamebanana tatu tatu, watoto wamelala. Walikuwa pia wameshawahisha muda wa kumaliza huduma, kutoka dakika 20 kabla ya kutua kuwa 40, kuanzia Julai mwaka huo huo, kwa sababu wakati wa kushuka ndege inapita kwenye tabaka za hewa zenye joto tofauti na ndo wakati wahudumu wanakuwa wanakimbizana kukusanya trei. Hii ya kushuka naona ndo hatua ya maana kuliko zote na haikuandikwa sana, watu waliandika tambi.

Na isidhaniwe ilikuwa ni Singapore peke yao. Mei 26, siku tano baada ya SQ321, Qatar Airways safari ya QR017 kutoka Doha kwenda Dublin ilikutana na misukosuko juu ya Uturuki, watu 12 wakaripotiwa kuumia, abiria 6 na wafanyakazi 6. Nusu kwa nusu, wakati abiria ni wengi mara nyingi zaidi.

Hiyo Doha naitaja kwa sababu nyingine. Vijana wetu wako kule, Wakenya, Waganda, Watanzania, Warwanda, Doha, Dubai, Abu Dhabi, wengi sana, na kila mwezi kuna usaili mahali fulani Nairobi au Kampala na foleni inazunguka hoteli. Nyumbani tunawaona kwenye picha, sare imenyooka, lipstiki nyekundu, leo Paris kesho Sydney, mama anaonyesha majirani. Ni kazi nzuri na inalea familia. Lakini dada yako huyo anayetuma hela ya ada kila mwezi ndo yule aliyesimama na toroli wakati taa inawaka, na abiria wa siti ya 34 anamnyooshea kidole kwamba juisi yake haijaja. Nimewahi kuona kwa macho yangu, ndege inatikisika, tangazo limeshatoka wahudumu wakae, na bwana mmoja anabonyeza kengele mfululizo, anataka kahawa, na binti wa watu akainuka. Rubani amesema akae, akainuka kwa sababu anaogopa malalamiko yakiandikwa. Hiyo hofu nayo ni sehemu ya hatari, na inatoka kwetu sisi tunaokaa.

Kuhusu fidia nipite haraka. Juni 2024 shirika liliwapa abiria walioumia kidogo ofa ya dola 10,000 za Marekani, na walioumia vibaya wakapewa malipo ya awali ya dola 25,000 huku mazungumzo yakiendelea, na nauli zikarudishwa kwa wote. Abiria wa safari za kimataifa wanalindwa na Mkataba wa Montreal wa 1999, akiumia ndani ya ndege kwa ajali shirika linawajibika hadi kiwango fulani bila yeye kuthibitisha uzembe. Ila huo mkataba unamuangalia abiria. Mfanyakazi anaangukia kwenye mkataba wake wa ajira na sheria za fidia za nchi alikoajiriwa, na siyo nchi alikozaliwa, kwa hiyo mtoto wa Kitanzania akivunjika mgongo juu ya nchi ya tatu akiwa ameajiriwa Ghuba, swali la nani anamtibu, kwa muda gani, na kama asipoweza kusimama tena kwenye korido inakuwaje, lipo kwenye karatasi aliyosaini siku ya kwanza akiwa na furaha.

Kwa abiria jambo ni moja na halina gharama, mkanda ukae kiunoni muda wote umekaa, taa iwe imewaka au imezimwa, na ukilala uufunge juu ya blanketi ili mhudumu auone asilazimike kukuamsha wala kusimama karibu yako kukukagua. Mwenye mtoto wa chini ya miaka 2 kama uwezo upo mkatie siti yake na kiti chake kinachokubalika kwenye ndege, mikono ya mzazi hata awe na nguvu gani haiwezi kumshikilia mtoto kwenye hasi 1.5, uzito wake unageuka na kuvutwa juu kabla hujajua kinachotokea.

Na kwa vijana mnaojiandaa na usaili wa uhudumu wa ndege, huwa wanawapa nafasi mwishoni ya kuuliza maswali, na wengi mnauliza mshahara na nyumba. Ongezeni na haya: taa ya mkanda ikiwaka katikati ya huduma ya chakula, utaratibu wa kampuni ni mhudumu akae au aendelee? Nani ana mamlaka ya kusimamisha huduma, ni rubani peke yake au mkuu wa wahudumu naye akiona hali siyo nzuri anaweza? Abiria akilalamika kwamba hakuhudumiwa wakati wa mtikisiko, hilo linaingia kwenye faili la mhudumu? Na nikiumia nikiwa angani, matibabu yanaendelea mpaka lini? Jibu la swali la kwanza hasa msikilize linavyotolewa, kama anajibu papo hapo au anaanza kuzunguka.